Asidi haimalizi mionzi

Tangu watu wa Uyombo, Kilifi, walipoandamana mwaka 2024 kukataa kinu cha nyuklia, na sasa Siaya inapotajwa, mazungumzo ya kinu hicho hayaishi hata hapa Nairobi kwenye chumba cha walimu. Wengi wanawaza stima tu. Mimi nimebaki na swali la mwanafunzi wangu wa kemia: "Mwalimu, hiyo fueli ikishatumika, si waiyeyushe tu iishe?"

Kuyeyuka inayeyuka. Ufaransa, kwenye kiwanda cha kuchakata fueli iliyotumika kule La Hague, vyuma vilivyobeba fueli hukatwakatwa na kutumbukizwa katika asidi ya nitriki yenye moto. Urani, ambayo ndiyo fueli yenyewe, huyeyuka ndani, maganda yake ya metali ya zirkoniamu yakabaki matupu kwa sababu asidi hiyo haiyawezi. Moshi wa kahawia hufuka. Wanafunzi wangu wanaujua moshi huo. Tukitia kipande cha shaba kwenye asidi ya nitriki kali, kinatokota, tunakimbilia madirisha, na kwenye chombo cha kioo kunabaki kioevu cha kijani ambacho ukiongeza maji kinageuka buluu. Cha urani huwa cha manjano. Ila kule, moshi hupanda pamoja na iodini na kriptoni zenye mionzi, na hakuna dirisha la kufungua. Gesi hizo hupitishwa kwenye vichujio, ingawa kriptoni hupenya na kutolewa hewani, na mitambo huendeshwa kutoka nyuma ya kuta nene za saruji.

Baadaye, ili kutenganisha vilivyoyeyuka, huletwa mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, yaliyochanganywa na tributili fosfeti. Yanachukua urani na plutoniamu, metali inayozaliwa ndani ya fueli kinu kikifanya kazi; mengine karibu yote yanabaki kwenye asidi. Hapo kemia hunipendeza mno! Takriban asilimia 95 ya fueli iliyotumika bado ni urani, na plutoniamu ni kama asilimia moja.

Lakini asidi hucheza na elektroni za nje tu. Mionzi hutoka ndani ya kiini cha atomu, na huko asidi haifiki. Plutoniamu-239 huchukua miaka kama 24,000 kupungua nusu, iwe ngumu au imeyeyuka. Masalia makali huishia kuchanganywa na kioo kilichoyeyushwa, kikamiminwa kwenye mitungi ya chuma, na mitungi inahitaji pa kukaa. Nayo plutoniamu iliyotengwa lazima ilindwe, kwani ni malighafi ya bomu.

Tena fueli ikishakuwa kioevu, huvuja. Mwaka 2005 huko Sellafield, Uingereza, iligunduliwa kwamba bomba la THORP, kiwanda kingine cha kuyeyusha fueli iliyotumika, lilikuwa limekatika, na lita zipatazo 83,000 za asidi yenye fueli zilikuwa zimemwagika kwa miezi bila kutambuliwa. Zilinaswa ndani ya chumba cha saruji kilichowekwa chuma, hakuna aliyeumia. Kiwanda kilichokuwa na wataalamu wa miaka mingi.

Kwa hiyo kwenye vikao vya maoni ya umma natamani masalia yatangulie megawati: yatakaa wapi, nani atayalinda, na nani atalipa kinu kikishazimwa.