Nyuma ya mtungi

Alhamisi, baada ya Alasiri

Leo nimesuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, pima tatu, yaani mikono miwili iliyonyooshwa mara tatu, na hakuna chane hata moja, kijiukanda cha jani la mkindu, iliyokatika. Naandika vidole vikiwa bado vya zambarau. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimeshajiambia kwamba kazi hii imenishinda.

Mkeka wenyewe ni wa harusi. Bibi harusi anataka zambarau na kijani juu ya weupe wa ukindu. Kwa ukili wa upana wa vidole vitatu, nimehesabu pima 27 ndipo upatikane mkeka wa kulala watu wawili. Rangi niliichemsha vizuri. Ukindu ulikuwa mzuri, wa Pemba, majani machanga yaliyoanikwa juani mpaka yakawa meupe. Nikachana, nikatoa uti, nikasawazisha chane kwa ukucha wa dole gumba, kama nifanyavyo tangu nina miaka tisa. Nikakaa kitako nianze.

Hata pima ya kwanza haikutimia. Chane ikifika ukingoni hukunjwa irudi ndani, na pale pale kwenye kunjo ndipo ilipopasuka. Mlio wake mdogo tu, kama njiti ya kiberiti inayovunjika, lakini msukaji anausikia mpaka tumboni. Iliyokatika unaiunga kwa kuchomeka mpya chini yake. Kiungo kimoja hakionekani. Vikiwa vitano ndani ya shubiri moja, ukili unaota vinundu, na siku ya kuushona haulali. Siku ya tatu nilifumua nusu ya kazi. Siku ya tano sikuigusa kabisa. Nilifua, nikapika, nikafagia nilipokwisha kufagia.

Nililowesha, ndiyo. Nani asiyejua kwamba ukindu mkavu hausukiki? Nilichovya chane kwenye beseni, zikalainika, halafu zikakauka mkononi kabla sijasuka dhiraa moja. Nikazidisha: nikazifunga usiku kucha ndani ya kanga mbichi. Asubuhi zilikuwa na madoa meusi na harufu ya kuvu, na zambarau imechuruzikia weupe. Nilikaa nazo mapajani muda mrefu. Nilimlaumu aliyeniuzia. Kisha nikailaumu mikono yangu, na hiyo ilikuwa siku mbaya kuliko zote, maana nisiposuka mimi sijui ni nani.

Jumamosi nilikuwa natafuta kata ya maji. Mtungi wa udongo bado ninao, mume wangu hapendi maji ya friji. Nyuma yake, baina ya mtungi na ukuta, kulikuwa na kicha cha chane kilichoangukia huko sijui lini. Nikakiokota nikitupe. Nikaizungusha chane moja kwenye kidole: ikazunguka kama uzi. Nikaikunja kona kali, nikaibana kwa ukucha, ikanyamaza. Nikaiweka shavuni. Haikuwa na maji, ilikuwa na ubaridi tu. Na haikuwa na doa hata moja.

Mtungi hutoka jasho. Maji hupenya udongo polepole na kuondoka na hewa, ndiyo maana yaliyobaki ndani huwa baridi. Chane zile zilikuwa zikinywa jasho hilo kidogo kidogo, bila kuloa.

Nikampigia mama mdogo, Pemba.

"Shikamoo mama mdogo. Nyinyi huko chane mnazilaza wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Wapi tena? Uvunguni mwa kitanda, chini kwenye udongo. Wewe unalaza wapi?"

Nikatazama chini. Vigae. Nikatazama juu. Feni, inazunguka tangu asubuhi, na msimu wenyewe ni wa kaskazi, upepo unaokausha. Tulihamia nyumba hii mwaka jana, na tangu siku hiyo, sasa nakumbuka, sijawahi kusuka ukili mrefu humu ndani. Nilikuwa nasuka vipochi na kawa ndogo za kufunikia chakula, vitu vinavyomalizika kabla chane haijakauka.

Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia kidogo. Siku kumi nilikuwa nimeamini kwamba kitu nilichofundishwa utotoni kimenitoka vidoleni.

Sasa vicha vyote vinalala nyuma ya mtungi, vimefunikwa kitambaa kikavu. Nasuka uani baada ya Alfajiri, umande ukiwa bado haujaondoka, na nachukua chane za pima moja tu kwa mara. Mchana nikiingia ndani nazima feni, joto nalivumilia. Nimegundua na jambo jingine: chane za zambarau hukauka upesi kuliko nyeupe, nadhani kwa sababu zimeshachemshwa, kwa hiyo hizo nazilaza karibu zaidi na udongo.

Nimefika pima nane. Zimebaki 19. Jioni hii nimeujaza mtungi mpaka shingoni.