Siku yangu moja: kabati la Kigamboni na khanga za bibi

Saa 11 alfajiri
Naamka hata alamu haijalia, nishazoea. Tunakaa Tabata, Dar, chumba na sebule, watu wanne, na kabati letu la nguo lina upana wa futi 5 tu, lakini asubuhi hakuna anayeniuliza soksi iko wapi. Bomba la kutundikia nguo za watoto nililifunga chini, sentimita 110 kutoka sakafuni, mwanangu mdogo wa miaka 7 anafika mwenyewe bila stuli. Sare tunapiga pasi Jumapili jioni zote kwa pamoja afu zinatundikwa, kila mtoto na upande wake. Nasema hili mapema kwa sababu watu wanadhani kabati zuri ni la mwenye nyumba kubwa. Nyumba ndogo ndo inalihitaji zaidi, maana hamna chumba cha kuficha fujo.

Chai, maandazi ya jana, watoto wanatoka, na mi natoka.

Saa 1 na nusu asubuhi
Niko Keko karakana, kazi yangu ni kutengeneza na kufunga makabati ya nguo. Ambaye hapajui, Keko ni Temeke, ndo kule ukipita unaona vitanda na makochi yamepangwa barabarani na harufu ya vanishi imetanda. Mzee wetu wa karakana, fundi mkubwa, ashafika kabla yangu kama kawaida, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, afu tunaingia kwenye hesabu ya vipande. Leo tunaenda kufunga Kigamboni, kabati la ukutani la milango sita, na kitu nilichojifunza kwa machungu ni kwamba vipande vinahesabiwa kabla havijapanda gari. Kila kipande kina namba ya penseli nyuma, naita namba, kijana anagusa, naweka tiki. Mara moja tulisahau ubao mmoja wa rafu tukagundua tuko kwa mteja, siku nzima ikaharibika.

Ngoja niwaeleze hesabu ya bodi maana wengi wananiuliza kwanini nang'ang'ania vipimo vyangu. Bodi ya MDF, ile ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122, na hii ya milimita 18 ina uzito kama wa kilo 40, kwahiyo mtu mmoja asiibebe. Ukiipasua katikati unapata mbao mbili za upana wa sentimita 60 na mabaki kidogo, na sentimita 60 ndo kina sahihi cha kabati la kutundika, kwa sababu henga yenyewe ina kama 45 na ukiweka nguo mabega na mikono inatoka nje ya hapo. Kuna mafundi wanakata kina cha 45 wabane bodi, mteja anafurahia bei, afu kila akifunga mlango unabana mikono ya mashati. Inaniuma sana kuona hivyo maana huwezi kurekebisha, unavunja unaanza upya. Milango nayo, bodi moja inatoa mitatu ya sentimita 40, kwahiyo sita ni bodi mbili kamili.

Na hiyo milango ya 40 sio kwa ajili ya bodi tu. Chumba cha Kigamboni kina kitanda cha sita kwa sita na kati ya kitanda na ukuta wa kabati hamna nafasi kubwa, ukiweka milango mitatu mipana ya 80 unaufungua unagonga kitanda. Wanasema weka ya kuteleza, sawa, ya kuteleza haili nafasi, ila unaona nusu ya kabati tu kwa wakati mmoja, na mama mwenye haraka asubuhi anataka aone vyote.

Saa 3 kasorobo
Kirikuu, kigari cha mizigo, imejaa, tumefunga kamba, tumeweka maboksi kwenye kona zote zisigongane. Tunapita Kurasini tunaingia daraja la Nyerere. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2016 mzigo kama huu ulikuwa unapanga foleni ya pantoni, au uzunguke kwa Kongowe.

Saa 3 na nusu
Tumefika. Sasa turudi nyuma wiki mbili mpate picha. Dada mwenye nyumba alivyonipigia aliniambia njoo pima ukuta unipe bei. Nikaenda, sikutoa futi kwanza. Nikamwambia dada, tutoe nguo zote tuziweke kitandani. Akacheka kidogo, afu akaona niko siriasi, tukatoa. Tukagawa mafungu: za kazini, za nyumbani, za shughuli, za mzee wake, na zile ambazo hazivaliwi tena.

Jamani fungu la shughuli. Kitchen party, sendofu, harusi, kipaimara, kila moja na kitambaa chake na rangi yake, alikuwa na sare 23 na nyingi amevaa mara moja. Hili sio tatizo lake peke yake, kila nyumba ninayoingia hapa Dar nalikuta. Huwezi kumwambia mtu asichangie sare ya harusi ya binti wa jirani, ile ni heshima. Lakini ikishavaliwa siku ile inakaa miaka minane inakula nafasi ya nguo ya kila siku. Tulikaa chini tukachagua, sita akabaki nazo, vitambaa vya kitenge vikaenda kwa fundi cherehani vikawa foronya na vigauni vya mtoto, zilizobaki akampelekea dada yake Morogoro. Baada ya hapo ndo nikapima. Nahesabu hivi, shati kwenye henga linachukua kama sentimita mbili na nusu, gauni la kitenge lenye mabega ya kusimama linaweza kufika tano, kwahiyo chumba cha kabati cha sentimita 78 kinameza mashati kama 30 na magauni ya namna ile 15. Ukiwa na namba hizo unajua mabomba mangapi, marefu mangapi, mafupi mangapi. Ukipima ukuta peke yake unajua ukuta tu.

Saa 4
Tunaanza na kitako. Hapa simsikilizi mtu. MDF na maji ni maadui, na sisi tunapiga deki kila siku, ndoo na tambara, maji yanaingia chini ya kabati, baada ya miezi kadhaa ubao wa chini unavimba kama mkate ulioloweshwa chai na milango inaanza kukataa kufunga. Kwahiyo kitako nakitengeneza kwa mbao ya mninga, kimo sentimita 10, kimepigwa vanishi, MDF inakaa juu yake haigusi sakafu.

Nyuma pia naacha upenyo wa sentimita 3 kati ya kabati na ukuta. Kigamboni upepo wa bahari, hewa nzito, na masika ikiingia Machi mpaka Mei kuta zinatoa jasho. Kabati likigandana na ukuta kiatu cha ngozi kinaota ukungu wa kijani kwa wiki mbili tu. Natoboa matundu chini na juu ya ubao wa nyuma, hewa inapanda inatoka.

Umeme ukakatika saa 4 na dakika 20 hivi. Drili yetu ni ya betri na betri ziko mbili, tukaendelea.

Ukuta haujanyooka. Juu sentimita 251, katikati 249, chini 248, na hii ni nyumba nzuri tu, kuta nyingi ziko hivyo. Ndo maana kabati lenyewe nilikata 242 na pembeni naziba kwa vipande nyembamba vinavyochongwa kufuata ukuta ulivyopinda. Kijana wangu anachonga kwa randa, anajaribisha, anatoa, anachonga tena, mpaka karatasi haipiti. Kazi hii haionekani kwenye picha lakini ndo inafanya kabati lionekane limezaliwa na nyumba.

Saa 6 mchana
Sanduku la kabati limesimama, pima maji inasema sawa, tumetoboa ukuta tumeweka fisha, zile plagi za plastiki za ukutani, na skrubu, lisije likawaangukia watoto wakining'inia kwenye mlango. Na watoto wananing'inia, usidanganyike.

Hapo ndo bibi akaingia. Mama mzazi wa baba mwenye nyumba, ametoka Bagamoyo, amehamia kwa mwanae mwezi huu, siku tuliyohesabu nguo hakuwepo. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, hujambo. Akasimama anaangalia, afu akauliza kwa upole kabisa, na mimi nimewekewa wapi?

Nikamtazama dada, dada akanitazama. Bibi ana sanduku la bati chini ya kitanda cha wajukuu, kila akitaka khanga anainama analivuta. Nikamwomba tulifungue. Tukalileta sebuleni, akatandika mkeka, akaanza kutoa. Harufu ya karafuu na udi ikajaa nyumba nzima. Doti 41. Nyingine bado hazijakatwa, ziko mbili mbili zimeshikana vile vile kama zilivyotoka dukani, nyingine zimelainika kwa kufuliwa. Alikuwa anazijua zote kwa majina yake, hii nilipewa nilipojifungua fulani, hii ya msiba wa dada yangu, hii mume wangu aliniletea kutoka Mombasa. Kijana wangu aliacha drili akakaa chini akasikiliza.

Afu akanifundisha kitu ambacho miaka yote ya kazi hii sikuwa nakijua. Mimi khanga naikunja kama shuka, pindo nje, inapendeza. Bibi anaikunja mji, ile sehemu ya katikati, na pindo ndani, anaacha lile jina tu, ile mistari ya maneno, ndo liko mbele. Kwahiyo akizipanga anasoma majina bila kufunua hata moja. Alikuwa anaweza kuniambia nipe ile ya tatu kutoka juu na najua kabisa ndo yenyewe. Nikasema bibi, hii tunaiweka kwenye rafu ambayo huinami.

Saa 7 na nusu
Tumekula wali na samaki wa nazi aliotupikia dada, Mungu ambariki. Nikatoa daftari nikachora upya.

Chumba cha kati nilikuwa nimekipangia rafu tatu zenye nafasi ya sentimita 38, za masweta na mashuka. Khanga ukizirundika 38 zinakuwa mnara, unavuta ya chini zote zinaporomoka. Nikataka rafu za nafasi ya sentimita 18, doti saba au nane kila fungu, mafungu mawili kila rafu. Mbao nilizobakisha kwenye gari zikatosha rafu tatu za ziada, eji, ule utepe wa kuziba kingo za bodi, tukaibandika pale pale kwa pasi ya nguo ya dada, umeme ulisharudi. Nikaziweka usawa wa kiuno mpaka kifua cha bibi, nilimpima amesimama wima, kwa futi, na yeye akafurahi kupimwa. Mashuka yakapanda juu. Mabegi ya safari yakaenda juu kabisa ya kabati ambako nimeacha kama nusu mita mpaka dari.

Dada alikuwa na wasiwasi kidogo, alisema kabati liko chumbani kwetu, bibi ataingiaje. Bibi mwenyewe akajibu, mie natoa za wiki Ijumaa moja, nakaa nazo kwangu. Mambo yakaisha.

Saa 9 alasiri
Milango. Mlango wa kimo cha sentimita 240 una kilo kama 12 au 13, nauwekea bawaba tano. Wengine wanaweka tatu, baada ya mwaka mlango umelala upande mmoja. Tundu la bawaba ni milimita 35, na ukitoboa kina kikubwa unatokea upande wa pili, kwahiyo nimeifunga tepu kwenye ncha ya drili kama alama. Milango sita, bawaba 30, skrubu zote kwa mkono mwishoni, sio kwa mashine, maana mashine inachana MDF na tundu likishachanika skrubu haishiki tena.

Saa 11 jioni
Droo mbili za chini. Jua linaondoka, kijana amechoka, mimi nimechoka. Ya juu imeingia safi, ya chini inaenda na kurudi nikaona inatosha. Tukafagia, tukafuta vumbi ndani kwa kitambaa kikavu, nikamwambia dada asiweke nguo mpaka asubuhi, aache milango wazi usiku harufu ya gundi itoke.

Bibi akanipa kifundo cha karafuu nikaweke kwenye kabati langu. Nimeshaziweka.

Saa 2 usiku
Nyumbani. Watoto wamekula, mkubwa ameandaa begi. Nimeoga, niko na daftari, kesho napima chumba Kimara, mteja ana viatu jozi 34 na ameshazitoa zote sakafuni kama nilivyomwomba, kanitumia picha.

Simu inaita mlio wa meseji. Ni sauti ya bibi, kasaidiwa na mjukuu kurekodi, namsikia yule mtoto pembeni anamwambia sema bibi, sema. "Mwanangu, khanga zimeingia zote, hapa nyumbani hawakungoja asubuhi, na mie nilishindwa kungoja. Ila droo ile ya chini inagusa. Ukipata nafasi pita."

Nimeandika: Jumanne, Kigamboni, reli ya droo ya chini, niende na pima maji fupi. Afu nikaongeza, nimpelekee bibi karafuu.