Bustani Yetu ya Ngong: Chozi, Pongo na Mrija wa Dripu

Wageni wanaopanda kutoka Nairobi kuja kututembelea wakati wa masika huuliza swali lile lile kabla hata chai haijamiminwa: ni nani aliyetutengenezea bustani? Huwa najibu, kwa fahari nisiyojali kuificha, kwamba ni mvua, ukaidi wangu na mrija wa dripu ya hospitali, kisha nawaacha washangae kidogo. Nimeona sasa niyaandike yote kwa utaratibu, kwa sababu ushauri unaotolewa kuhusu bustani za milimani mwingi wake ni wa kumtia mtu hasara, na waliotushauri sisi bado wanaendelea kuwashauri wengine.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko wa Milima ya Ngong, upande unaotazama jiji. Kilele kirefu kabisa cha milima hiyo kina mita zipatazo 2,460 juu ya usawa wa bahari, nasi tuko chini yake kiasi cha kupata barabara, lakini si chini kiasi cha kuukwepa upepo. Huo ndio upepo uliofanya mitambo ya kuzalisha umeme ijengwe huku mwaka 1993, na asiyeuzingatia atapanda maua yake mara mbili. Mwaka wetu wa maua huanza masika yanapoingia, kati ya Machi na Mei, baada ya vumbi la Januari na Februari. Wakati huohuo mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya huwa wanaondoka kurudi kaskazini kuzaliana, hivyo kwa majuma machache mtu aliyeketi barazani huwaona wasafiri wakipita juu na wenyeji wakijenga viota chini, yote katika asubuhi moja.

Tulipohamia, jirani alituelekeza kwa mtaalamu wa kupamba viwanja, mtu mwenye gari jipya na maneno mengi. Alizunguka kiwanja akitikisa kichwa, akasimama mbele ya kichaka kilicho karibu na korongo, akasema, "Mzee, hapa ni pa kufyeka na kuchoma. Hiki ni kiota cha nyoka." Mpango wake ulikuwa nyasi za kikuyu kutoka ukuta hadi ukuta, mawaridi kwenye mistari, na mawe yaliyopakwa chokaa. Nilimkubalia sehemu ya juu kwa sababu mama watoto alitaka mahali pa kuanikia nguo na pa watoto kuchezea mpira, lakini kuhusu kichaka nilikataa katakata. Alinitazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyekataa dawa.

Mawaridi yalipandwa, yakamea, yakatoa vitumba, na vitumba vikaliwa. Tumbili walishuka kutoka miti ya korongoni kila asubuhi, wakaketi kwa starehe juu ya ukuta, wakachuma kitumba kimoja kimoja kwa vidole vyao vya adabu, wakila nusu na kutupa nusu. Mtaalamu hakutishika. Kwanza alileta sanamu ya mtu iliyovishwa koti kuukuu, na kwa siku chache tumbili waliitazama kwa mbali. Baadaye tumbili mama mmoja mwenye mtoto kifuani aliona kwamba bega la sanamu lilikuwa mahali pazuri zaidi pa kulia mawaridi kuliko ukuta. Kisha akaleta nyoka wa plastiki. Hapa niseme ukweli: siku ya kwanza nyoka yule alifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Wanasayansi Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha mwaka 1980, kwa utafiti uliofanywa Amboseli, kwamba tumbili wana sauti mbalimbali za tahadhari, moja ya chui, moja ya tai na moja ya nyoka, na kwamba wakisikia ile ya nyoka husimama kwa miguu ya nyuma na kukagua nyasi. Niliyaona hayo kwa macho yangu kutoka dirisha la jikoni, kundi zima limesimama wima likichungulia chini, na nilifurahi kiasi cha kusahau mawaridi. Furaha ile haikudumu. Nyoka asiyehama mahali alipowekwa hamtishi mnyama mwenye akili, na kabla ya juma kwisha vijana wa kundi lile walikuwa wakimvuta mkia na kunyang'anyana.

Silaha ya mwisho ilikuwa pilipili. Mtaalamu alichemsha pilipili kali na sabuni katika sufuria aliyoiazima kwetu (sufuria ile haikurudi kupikiwa uji tena), akaijaza katika bomba la kunyunyizia la mgongoni, akaingia katikati ya mistari ya mawaridi akiwa na uhakika wa mtu aliyekwisha kulipwa. Nilimwambia, "Bwana, angalia upepo unakotoka." Akaniambia upepo si hoja. Upepo wa Ngong ulisubiri mpaka alipoinua bomba, ukageuka, na wingu lote likamrudia usoni. Alikimbilia mferejini akiita jina la mama yake, na fundi wake aliyekwenda kumsaidia akapangusa macho kwa mkono uleule uliobeba bomba. Usiku ule mvua ilinyesha ikaosha kila kitu, na asubuhi tumbili walikula mawaridi yaliyosafishwa kwa sabuni. Gharama ya yote hayo sitaitaja kwa hesabu kamili; itoshe kusema ingenunua ng'ombe mzuri wa maziwa na chenji ikabaki.

Sasa nirudi kwenye kichaka nilichokikatalia. Mvua za kwanza za Aprili zilipoloweka ardhi, maua makubwa mekundu ya duara yalichomoza katikati ya majani makavu bila hata kutanguliza majani yake. Huo ni mmea uitwao Scadoxus multiflorus, ambao tunguu lake hulala chini ya ardhi kiangazi chote na kuamshwa na mvua. Hakuna aliyeupanda, na kama kichaka kingefyekwa na kuchomwa na udongo kupinduliwa kwa ajili ya nyasi, tusingejua kwamba ulikuwapo. Wenye watoto wadogo au mbuzi wajihadhari, kwa kuwa tunguu lake lina sumu.

Lakini mfalme wa kichaka ni Leonotis, mmea mrefu wenye maua ya rangi ya chungwa yanayozunguka shina kwa ngazi. Huku Ngong huota pembeni mwa barabara bila kuthaminiwa na mtu, na wauza miche wengi niliowaulizia walicheka, wakaniambia nalipia magugu. Nilikusanya mbegu zake nikiwa na glavu, maana vikombe vya maua vikikauka huchoma vidole, nikazimwaga kwenye udongo uliokwaruzwa kidogo mwishoni mwa Machi, kando ya kichaka na chini ya ukuta unaokinga upepo. Sikuweka mbolea ya kiwandani wala dawa. Zilipofika urefu wa kiuno nilizikata ncha ili zitoe matawi, na huu ni ushauri ninaoutoa bure: ua la chozi, yule ndege mdogo anayekunywa utamu wa maua, linahitaji shina imara. Chozi si kama ndege wavumao wa Marekani ambao hunywa utamu wa ua wakiwa wananing'inia hewani. Yeye kwa kawaida hupenda kutua kwanza, ndipo anapoingiza mdomo wake uliopinda. Ukimpandia ua zuri lenye kikonyo dhaifu, umemwekea mezani chakula usimpe kiti.

Maua ya kwanza yalipofunguka, walifika. Kwanza chozi wadogo wenye tumbo la manjano na kifua kinachong'aa buluu, kisha wale wa rangi ya shaba wenye mkia mrefu, na hatimaye, katika majira ambayo maua yalishamiri, chozi wa mabawa ya dhahabu, ambaye mdomo wake umepinda kwa namna inayolingana na ua la Leonotis. Dume mmoja alilitwaa shamba langu lote akawa anawafukuza wengine kutwa nzima. Nilidhani ni uchoyo wa tabia tu, mpaka niliposoma kwamba watafiti Frank Gill na Larry Wolf walichapisha mwaka 1975 uchunguzi wao wa ndege huyuhuyu hapa Kenya, wakaonyesha kwamba hulinda maua pale tu ambapo utamu anaouokoa unazidi nguvu anayoipoteza kwa kufukuza. Maua yakiwa machache mno au mengi mno, ugomvi hauna faida. Basi nikaongeza maua. Nilipanda Leonotis nyingine upande wa pili wa nyumba, mahali asipoweza kuona akiwa kwenye kituo chake cha ulinzi, na wanyonge wakapata pa kula. Najivunia hila hiyo kuliko vyeti vyangu vya shule.

Tumbili hawazipendi Leonotis zangu. Majani yake ni machungu na yana harufu, nami sijaona shina hata moja lililovunjwa kwa ajili ya kuliwa. Mishubiri niliyoinunua kwa muuza miche, ambayo huchanua mapema kabla Leonotis hazijawa tayari, walijaribu kuichezea wakaiacha. Mishubiri ya porini isiguswe, hata kama inaonekana haina mwenyewe.

Mrija wa dripu nilioutaja ulitokana na kiangazi. Nilitaka maji ya ndege, lakini beseni lililojazwa na kuachwa lilivutia kunguru na mbu tu. Mtu mmoja kwenye matembezi ya asubuhi ya Jumatano ya Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake inarudi hadi mwaka 1909, aliniambia kwamba kinachowaita ndege ni mwendo na sauti ya tone, si wingi wa maji. Nilijaribu kutoboa dumu kwa msumari, nalo likamwaga lita 20 kabla sijamaliza kuoga. Ndipo nilipoingia duka la dawa nikanunua mrija wa dripu, ule wenye gurudumu dogo la kupunguza na kuongeza matone. Muuzaji aliuliza hali ya mgonjwa, nikamwambia anaendelea vizuri. Dumu nililining'iniza kwenye tawi la mzeituni mwitu, mrija ukashuka mpaka juu ya karai pana, na ndani ya karai nikapanga mawe mpaka kina cha maji kikawa hakizidi kifundo cha kidole. Nilirekebisha gurudumu mpaka nikapata tone moja kila baada ya pumzi mbili. Dumu moja linatosha siku nyingi, na karai hulisugua kila baada ya siku chache ili mbu wasipate nafasi. Wajenzi wa jirani walifika ukutani kutazama mti uliolazwa hospitali, wakanipa pole nyingi. Kicheko chao kilikoma walipoona foleni: shorewanda, chiriku, vijindege vya duara nyeupe machoni, na chozi wakioga kwa zamu. Jioni, uzio wa mabati ukiachwa wazi upande wa korongo, pongo, mnyama wa jamii ya swala, hupanda kunywa, na ukitulia bila kuwasha taa ya nje huyaona vizuri madoa yake.

Shangazi, ambaye hukaa nasi mara kwa mara, hakuridhika na hali ya baraza. "Mwanangu, utando huu wa buibui ni wa nyumba ya watu au ni wa mahame?" Ilinibidi nimweleze kwa heshima kwamba chozi hushona kiota chake kwa utando huo, na kwamba wa kike alikuwa akiuchuma palepale penye taa. Tulipatana kwamba ndani ya nyumba ni pake na nje ya mlango ni pangu. Suala la kinyonga lilikuwa gumu zaidi. Katika vichaka vya Nairobi na vitongoji vyake yumo kinyonga wa Jackson, ambaye dume ana pembe tatu na jike huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Kijana wa kukata nyasi alipomwona aliinua jembe, nami nikalikamata mpini. Kinyonga yule hula nzi na panzi bure, hana sumu wala uchawi, na nimemtangazia kila anayeingia kazini kwetu kwamba usalama wake ni sehemu ya mapatano ya ujira.

Kuhusu dawa za wadudu nina neno moja tu: ziacheni dukani. Makinda ya chozi hulishwa wadudu, na anayepuliza dawa anawapokonya. Mlimau wetu kila masika huwa na viwavi, wachanga wakifanana na kinyesi cha ndege na wakubwa wakiwa wa kijani, ambao ukiwagusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Hao hugeuka kuwa vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano, Papilio demodocus, na mlimau hutoa majani mengine.

Adui pekee aliyenisumbua kichakani ni nungunungu, ambaye huja usiku kufukua viazi vya maua. Dalia zangu nilizishonea vikapu vya wavu wa kuku na kuzifukia ndani yake, sehemu ya juu ikifungwa kwa waya mpaka chipukizi lipite. Fuko naye amezuiwa na wavu huohuo, bila mtego.

Jumla ya yote, yaani wavu, mrija, karai, mishubiri na glavu, haikufikia hata bei ya mbuzi wa Krismasi. Mawaridi mawili yaliyosalia nimeyahamishia nyuma ya tangi la maji, na hibiskasi iliyopo getini nimewaachia tumbili rasmi. Wakishamaliza hiyo huwa hawana haja ya kuvuka nyasi, na mtaalamu, niliyemweleza jambo hilo kwa simu, alisema kwamba ndivyo alivyokuwa amepanga tangu mwanzo.