Siku moja maishani mwangu: bibi shamba wa muhogo, Kasulu mkoani Kigoma

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chai ya rangi, kipande cha muhogo wa kuchemsha, kisha pikipiki. Mafuta yapo, kwa leo.

Saa mbili. Nipo kwa mzee aliyenipigia jana jioni. "Mwakeye, mzee." Anaitikia huku ameshatangulia shambani. Mihogo yake imesimama vizuri, ila majani ya chini yana manjano kandokando ya mishipa. Nafungua Nuru kwenye simu, programu inayotambua ugonjwa wa muhogo kwa kuliangalia jani kupitia kamera. Programu hii imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania State cha Marekani kwa kushirikiana na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, na ilianza kufundishwa kwa picha zilizopigwa kwenye mihogo ya pwani ya Tanzania. Inaongea Kiswahili na haidai intaneti shambani. Bila hivyo huku isingefika popote. Napima jani, nahamia jingine, na jingine, maana jani moja hudanganya.

Jibu: michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi unaoozesha muhogo. Mzee hasadiki. "Mwanangu, hiyo simu imeona nini nisichokiona mimi?"

Ana haki ya kuuliza. Simu inasoma majani, hasara iko ardhini. Naomba ruhusa, nang'oa shina moja na kupasua muhogo kwa kisu. Ndani kumejaa mabaka ya kahawia, makavu. Mzee anaketi. Batobato, ule ugonjwa mwingine wa muhogo, angalau hujitangaza, majani hujikunja mapema ukaona. Michirizi inaweza kukuachia shamba la kijani mpaka siku ya kuvuna. Wala si ugonjwa wa juzi: mtafiti Storey aliuandika mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara.

Saa tano bado tuko hapo hapo, tunang'oa mashina yaliyougua. Namweleza kuwa virusi hubebwa na inzi weupe, lakini safari ndefu tunavisafirisha wenyewe kwa kupeana pingili, vile vipande vya shina tunavyopanda kama mbegu. Hapo ndipo kazi yangu inapokuwa ngumu. Utamwambiaje mtu amnyime mkwewe mbegu?

Mchana: ugali wa muhogo, dagaa. Tusonge mbele.

Saa tisa, kikao cha kikundi chini ya mwembe. Mama mmoja anasimama: "Bibi Shamba, wageni walikuja wakachuma majani yetu wakaweka kwenye bahasha. Yalienda wapi?" Sina jibu, na swali hilo nalipeleka kwa kila mtafiti anayekuja kutaka nimwonyeshe mashamba. Inawezekana kufanya vingine. Kuna watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda waliungana na wenzao wa Australia, wakabeba hadi shambani mashine ya kusoma vinasaba inayoenea kiganjani, mkulima akapata majibu ndani ya siku chache badala ya kusubiri miezi. Ubia wa namna hiyo nautaka. Ila hata huo, ukiishia kwenye jina la virusi bila pingili safi za kupanda, mkulima atarudi kwa jirani kuomba zile zile.

Saa kumi na mbili jioni nimepata mtandao, natuma picha na taarifa. Kesho mzigo wa pingili zilizokaguliwa unafika kijijini na hautoshi. Mwenyekiti ameshapiga simu mara mbili akitaka jina lake liwe la kwanza. Nimemwandika baada ya mzee wa asubuhi.