Poka ya maharage

Jumamosi umeme ulikatika tukiwa tumejaa kwa bi mkubwa, na sisi huwa ni watu wa lasti kadi tu, sasa binamu akaleta zake eti leo tucheze poka, pesa hamna, kila mtu akahesabiwa maharage 20. Kumfundisha shangazi ndo ilikuwa kazi. Pea moja, pea mbili, tatu za namba ileile, hapo alishika fasta. Balaa likaja raundi ya tatu, mimi nina 5 mpaka 9 zimefuatana nshaanza kuvuta maharage, yeye anashusha kopa 5 tupu, hazifuatani hata kidogo, "mwanangu, hizi si za aina moja?" Kanipiga! Aina moja inaizidi mfuatano kwa vile ni adimu, kwenye karata 52 mifuatano ipo 10,200, aina moja 5,108 tu. Juu yao kuna tatu zikiambatana na pea, kisha nne za namba ileile, kisha mfuatano wa aina moja, na ukianzia kumi ukaishia ree basi umemaliza. Shangazi kaondoka na maharage yote, Jumapili kayaunga nazi.