Dereva naye, ana watoto?

Wifi amejifungua mtoto wa kike, wazima wote wawili Mungu asifiwe, na depo, ghala letu hapa Bukavu, tumeihamisha yote kutoka Kadutu hadi Nyawera kwa migongo ya vijana na toroli moja, lakini mimi bado niko kwenye meza ya Jumapili namjibu Shangazi, na Shangazi alishaenda kwake.

Ile chupa ya Musar, divai ya Lebanoni, aliyoniachia yule mteja Mlebanoni alipofunga duka lake, mnaikumbuka. Nimeifungua. Nilikuwa naitunzia harusi, ila Papa alirudi kutoka misa ya kwanza akiwa na uso mwepesi, uso ambao hatukuwa tumeuona tangu Februari, nikaona harusi ingoje. Koki ilikatika katikati, nikaimalizia kwa ncha ya kisu. Papa alinusa muda mrefu kuliko alivyokunywa. Kisha akauliza: "Kwao si kulikuwa na vita?"

Mkinijua, mnajua sikunyamaza tena. Gaston Hochar alianzisha Musar, nyumba yake ya divai, mwaka 1930, divai za Bordeaux zikiwa zimemwingia moyoni, katika ngome ya zamani pale Ghazir, upande wa bahari. Mizabibu iko Bonde la Bekaa, ng'ambo ya milima. Kwa nini mbali hivyo? Inaelezwa kwamba ni mpaka: nchi ilikuwa chini ya Wafaransa, na haikujulikana bado kama Bekaa ingebaki Lebanoni au ingeangukia Syria. Akaweka mapipa upande wa uhakika. Mtu wa Bukavu, mji wa mpakani, haelezwi jambo hilo mara mbili.

Mwanawe Serge alishika kazi ya kutengeneza divai mwaka 1959. Vita vikaanza 1975, vikaisha 1990, na kwa miaka hiyo yote zabibu zilipaswa kuvuka milima na vizuizi vya wenye silaha ili zifike kwenye mapipa. Mwaka 1976 hawakutengeneza kitu. Mwaka 1984 magari yalikawia njiani hadi zabibu zikaanza kuchachuka humo humo. Wanunuzi wa nyumbani walipotoweka, Serge alibeba chupa zake hadi maonyesho ya Bristol, Uingereza, mwaka 1979, na huko ndiko jina lilikoanzia kusambaa. Na nyekundu yao kuu hawaiuzi kabla ya miaka 7 kupita tangu mavuno. Fikirini hilo. Mabomu yanalia, na mtu anaweka divai chini akisema tutaonana baada ya miaka 7. Kila nikilisimulia, sauti yangu inabadilika.

Shangazi alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua kichwa.

"Mabomu yanaanguka, na yeye anatuma magari kuleta zabibu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na dereva naye, ana watoto?"

"Bila shaka anao."

"Basi watoto wa mtu wabaki yatima kwa ajili ya pombe."

Papa alitazama glasi yake. Hakusema neno.

Tangu hapo najibu peke yangu. Juu ya moto, yaani pikipiki, nikipanda Nguba: wavunaji wa Bekaa nao walikuwa na watoto, na shamba lisilovunwa halilishi mtu. Ni kweli. Nikihesabu masanduku: ukingoja vita viishe ndipo uvune, wengine tungekuwa hatujavuna tangu tuzaliwe. Hilo nalo ni kweli, na ningetaka Shangazi alisikie. Lakini dereva habanduki. Jina la kaka yake Serge nalijua, Ronald, aliyeshughulikia mauzo. Zabibu za divai yao nyeupe nazijua, obaideh na merwah, za huko huko Lebanoni tangu kale. Jina la dereva hata mmoja sijawahi kukutana nalo popote. Shangazi, ambaye tangu aokoke hajaonja hata kasiksi, pombe yetu ya ndizi, alikwenda moja kwa moja mahali ambapo habari za nyumba zile kubwa hazifiki.

Jumatano jioni Papa aliniita nje.

"Mwaka 96 nilirudi Kabare," akasema. Hivi hivi, bila utangulizi. Sisi tulikuwa tumekimbia vita, na yeye alikuwa ameacha ndizi shimoni, zimefunikwa majani.

"Ulirudi kwa nini, Papa?"

"Zilikuwa zimeiva."

Akanionyesha kwa mikono, hewani, jinsi alivyozimenya na kuzikanda pamoja na nyasi kwenye mtumbwi wa babu, ule wa kukamulia, nyasi zikimchana kati ya vidole. Akachuja mutobe, maji ya ndizi, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika. Kasiksi haina miaka 7 ya kungoja. Siku chache tu zikizidi, ni siki. Nikamuuliza aliwauzia nani katika hali ile. "Waliokuwa wakipita. Anayekimbia naye ana kiu."

Nikauliza aliyembebea madumu.

"Kijana wa jirani. Alikuwa na watoto wawili." Akanitajia majina yao, akaniambia wa kwanza alisomea wapi, na kwamba mdogo sasa ni fundi wa moto Kavumu na bado humsalimia akipita. Nilifurahi hata nikasimama. Miaka yote hii Papa hajawahi kutusimulia safari ile, na amefanya hivyo kwa sababu ya swali la dada yake. Jumapili nitamwomba alirudie mbele ya Shangazi, na nitataka wote wawili waongee kuliko mimi.

Ila mvua imeanza. Ukuta wa nyuma, upande wa korongo, umepata ufa mpya, kidole changu kinaingia hadi kiungo cha kwanza. Mwenye nyumba anasema tungoje Desemba. Kitanda cha watoto kimeegemea ukuta huo huo, na chumba kingine hakina nafasi ya kitanda.