Fisi Alikuwa Hajala Tangu Lini?

Jumapili, saa tatu usiku. Stima imepotea tangu saa moja na tokeni zipo, kwa hivyo leo si kosa langu. Simu imebaki na asilimia 31. Watoto wamelala upande wa pili wa pazia, na jirani wa juu anaburuta mtungi wa maji sakafuni kama ilivyo ada yake.

Nataka kuandika habari za mandazi kabla hazijanitoka.

Jumanne kijana wangu wa Gredi ya 2 alirudi na kile kitabu cha mawasiliano ambacho mzazi hutia sahihi kila jioni. Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba mtoto amekula mandazi mawili ya mwenzake wa dawati, na alipoulizwa akakana. Nikamuuliza. Akasema alipewa. Nikamuuliza tena, akasema kwanza lilikuwa moja. Mara ya tatu akaanza kuvitazama viatu vyake kana kwamba jibu limeandikwa kwenye kamba, nami nikatia sahihi bila kusema kitu.

Mimi si mtu wa kiboko. Nilichapwa vya kutosha kwa ajili yangu na kwa ajili ya wanangu wote. Ila nina kiboko changu kingine, nacho ni vitabu. Mtoto akigombana, natafuta kitabu cha ugomvi. Akiwa mchoyo, natafuta cha uchoyo. Naingia vitabuni kama mtu anayeingia duka la dawa: nipe cha uongo, kutwa mara moja kabla ya kulala.

Usiku huo nikachagua Fisi. Sikuhitaji hata kitabu, ingawa tunacho, kile chenye jalada lililoshikwa kwa gundi ya karatasi. Paukwa! Wakaitika pakawa, yeye na dada yake mdogo. Nikaanza. Fisi ametembea mchana kutwa, njaa inamkata, akafika njia panda. Kulia kunanukia nyama, kushoto kunanukia nyama. Akatia mguu huku, akatia mguu kule, akavuta, akavuta, mpaka akapasuka msamba. Hapo kwa kawaida wanacheka. Dada yake alicheka. Yeye hakucheka.

"Hadithi hii inatufunza nini?" nikauliza kwa sauti ya mwalimu wa zamu.

"Hii umeniambia mimi, si ndiyo?"

"Ni hadithi tu."

Akanyamaza kidogo. "Fisi alikuwa hajala tangu lini?"

Hadithi hii niliisikia kwa nyanya yangu, na methali yake naijua tangu nikiwa mdogo, kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Nimeiandikia insha. Haikuwahi kunijia hata siku moja kuuliza njaa yake ilikuwa ya siku ngapi.

"Na wale wenye nyama, walimwona?"

"Hadithi haisemi."

"Walimwona," akasema, akageukia ukuta.

Jumatano asubuhi, matatu ikiwa imesimama kwenye barabara ya Jogoo hapa Nairobi kama iliyopandwa hapo, nikaanza kusoma kwenye simu mambo ya hadithi na uongo wa watoto. Nikakuta utafiti wa mwaka 2014 wa Kang Lee wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake. Waliwachukua watoto wa miaka 3 hadi 7, mmoja mmoja, wakamwambia mtoto asigeuke kutazama kitu cha kuchezea kilichowekwa nyuma yake, kisha wakamwacha peke yake kwa muda. Baadaye akasomewa hadithi, halafu akaulizwa: uligeuka? Waliosomewa ya Pinocchio, yule ambaye pua hurefuka akidanganya, au ya mchungaji aliyedanganya kwamba mbwa mwitu amekuja mpaka akaliwa kweli, hawakusema ukweli zaidi ya waliosomewa hadithi isiyohusu uongo kabisa. Iliyosaidia ni ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, ambaye alipokuwa mtoto alikata mti wa baba yake, akakiri, na baba akamsifu kwa kusema kweli. Walipoibadilisha ili nayo iishe kwa adhabu, nguvu yake ikaisha. (Wanahistoria husema kisa hicho cha Washington kilitungwa tu. Uongo unaofundisha ukweli! Nilicheka peke yangu hadi konda akanitazama.)

Kwa hivyo pua kurefuka, kuliwa na mbwa mwitu, kupasuka msamba, vyote ni kiboko kimoja. Mtoto anajifunza kwamba anayekamatwa huumia, na la maana kwake linakuwa kutokamatwa.

Miaka michache baadaye, watafiti wa chuo hichohicho walijaribu kitu kingine. Watoto wa miaka 4 hadi 6 waliosomewa kitabu cha kugawana chenye wahusika binadamu waliwagawia wenzao stika zaidi kuliko mwanzo. Waliosomewa kisa kilekile wahusika wakiwa wanyama waliovaa nguo hawakubadilika hivyo. Hapo nilitaka kugombana nao. Sisi tumelelewa na Sungura na Fisi na Kobe, na hakuna aliyetuambia kwamba hao ni wanyama, tulijua ni majirani. Mwanangu hakushindwa kujiona ndani ya Fisi. Alijiona vizuri mno, na mimi ndiye niliyekuwa nimekusudia acheke.

Sitaki kuilaumu shule. Mtaala wa umilisi una maadili yake 8, upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu, na hakuna hata moja ninaloweza kulipinga. Tatizo langu ni vitabu vinavyoandikwa ili kutia alama kwenye orodha. Ukifungua ukurasa wa kwanza tayari unamwona mtoto mbaya, na unajua ukurasa wa kumi na mbili atakuwa analia. Watoto nao wanajua. Wananusa hadithi yenye kiboko mgongoni kabla hujamaliza kichwa chake.

Ninavyopenda zaidi ni vya inama, pale kando ya Tom Mboya, vitabu vilivyotandazwa juu ya gunia, unainama, unachambua. "Mama, hiyo hamsini, bei ya asubuhi," ananiambia yule kijana hata ikiwa saa kumi jioni. Vingi ni vya mitumba kutoka Uingereza na Marekani, na bado vina mhuri wa maktaba ya huko. Vingine vizuri ajabu kwa mambo ya moyo. Mtoto amekasirika, na kitabu kinamwacha akasirike kurasa tano nzima, hakuna anayemwambia anyamaze. Lakini karibu kila mara hutumwa chumbani kwake akatulie. Tulipofika hapo kijana wangu akaangalia huku na huku. "Mimi nitatumwa wapi? Nyuma ya pazia?" Tulicheka sote watatu. Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, msomi wa Marekani wa fasihi ya watoto, aliandika kwamba kitabu kinaweza kuwa dirisha la kuwatazama wengine, kinaweza kuwa kioo cha kujitazama. Madirisha ya hamsini hamsini tunayo tele. Kioo chenye pazia la bedsita, nyumba ya chumba kimoja kama yetu, natafuta bado.

Sasa Ijumaa. Sikupanga. Nilikuwa nakatakata sukuma, yeye anachambua maharagwe, nikajikuta namwambia kwamba nikiwa darasa la tatu nilifungua fundo la leso ya nyanya na kuchukua shilingi 5, nikanunua peremende nikazila zote chooni.

"Akajua?"

"Aliuliza. Nikasema sijui."

"Halafu ukamwambia?"

"Sikumwambia. Aliaga nikiwa sekondari."

Akaendelea kuchambua. Aliona jiwe, akalitoa, akaliweka pembeni vizuri kama kitu cha thamani.

"Mimi yalikuwa mawili," akasema.

Nikaendelea kukata sukuma, maana nilijua nikigeuka nitaharibu. Ikatoka yote, polepole. Wakati wa chakula huwa wanabadilishana. Mwenye chapati anabadilishana na mwenye mandazi, mwenye mandazi na mwenye soseji (huyo ni mfalme). "Hakuna mtu hubadilishana na githeri," akaniambia. Yeye hukaa na mkebe wake umefungwa mpaka wamalize. Siku hiyo mwenzake alitoka kwenda chooni.

Githeri hiyo, mahindi na maharagwe, naipika Jumapili sufuria nzima ili itufikishe Jumatano, naitia karoti, naitia dania. Nilikuwa najivunia.

"Uliona wivu?" nikamuuliza.

"Si wivu. Nilisikia aibu. Halafu nikasikia njaa. Halafu aibu tena."

Nimelifikiria jibu hilo siku mbili. Mimi kwa watoto nimekuwa na maneno mawili tu, umekasirika na umehuzunika, na Kiswahili kimejaa hadi pomoni: kununa, kinyongo, kijicho, fedheha, upweke, simanzi, kisirani. Fisi pale njia panda hakuwa na tamaa peke yake. Alikuwa na njaa, na labda alikuwa na fedheha pia, maana hakuna aliyemkaribisha popote.

Jana tukaenda maktaba, ya Makadara, ambayo ni tawi la McMillan ya katikati ya mji. Ile kubwa ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa zaidi ya miaka 20 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Wakati nyanya yangu anazaliwa, wale simba wa mawe mlangoni hawakuwa wakimlinda yeye. Mwanangu aliwahi kumkalia mmoja, nikamwacha. Pale Makadara alichagua mwenyewe, mimi nikanyamaza, jambo gumu kuliko linavyosikika. Akachukua kitabu cha picha chembamba cha mtoto anayemngoja mama yake atoke kazini. Basi. Hakuna anayeiba, hakuna anayekamatwa. Kunaanza giza, taa za nyumba za jirani zinawaka moja moja, mama bado. Alikisoma mara mbili kidole kikitembea chini ya maneno, na ile mara ya pili alikaa sana kwenye ukurasa wa taa. Mdomo uliniwasha nimuulize tumejifunza nini. Nikauma ulimi.

Kesho anabeba mandazi mawili kwenye mfuko wa karatasi, ya shilingi 10 10 kutoka kwa mama wa hapo kona, na atayapeleka mwenyewe. Mwalimu nimemwandikia mistari miwili tu. Kuhusu githeri bado sijaamua. Sina pesa za kuwa mama wa soseji, na pia sitaki ajifunze kuikimbia sufuria yetu. Labda Jumatatu na Ijumaa chapati. Tutaona mwisho wa mwezi.

Leo jioni, stima ilipopotea, dada yake akalia anataka hadithi, nikasema simu ina chaji kidogo. Kaka akasema atasimulia yeye. Paukwa, pakawa. Nikamsikia nyuma ya pazia gizani, sauti ameifanya nzito kama ya mzee. Fisi akatembea, akatembea, akafika njia panda. Kulia nyama, kushoto nyama. Fisi akakaa chini kwanza, akafikiri. Halafu akaenda njia ya kushoto, akapiga hodi.

"Wakamfungulia?"

"Wakamfungulia. Wakamuuliza, umekula? Akasema hapana, tangu juzi. Wakampa githeri, akala yote."

"Na nyama?"

"Nyama ilikuwa ya wageni."